Mume alifuata mafuta Basra, Hedwiga akabaki sheli ya Makanya

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Makanya. Upepo wa tambarare unapeperusha vumbi jeupe kutoka machimbo ya jasi, na barabara kuu iko tupu kwa dakika chache kabla ya mabasi ya Arusha kuanza kupita. Hedwiga Mgonja (51) amepiga magoti kwenye sakafu ya kituo cha mafuta. Anafungua kifuniko cha chuma na kushusha fimbo ndefu ya kupimia ndani ya tangi lililofukiwa chini.

Anaipandisha taratibu na kusoma pale unyevu ulipoishia. Sentimita 94. Anaandika daftarini, anafuta mikono kwa tambara, kisha anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na pampu ya dizeli.

"Yale ya chini kabisa pampu haiyafikii," anasema. "Yapo, lakini bosi akiniuliza nina mafuta kiasi gani, hayo siyataji. Nahesabu yanayotoka."

Hedwiga ni mhudumu wa kituo hiki kwa mwaka wa tano sasa. Anaingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, kwa mshahara wa Sh280,000 kwa mwezi. Anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu ng'ambo ya reli. Binti yake wa pekee, Jenifer, ni muuguzi Tanga na huja Krismasi akipata ruhusa.

"Kuna siku nikirudi nyumbani nagundua kwamba tangu asubuhi nimesema maneno mawili tu: 'Ya elfu ngapi?' na 'Karibu tena.' Basi nawasha redio, siyo kwamba naisikiliza."

Nyumba hiyo aliijenga na mumewe, Fredrick Mgonja, fundi wa kuchimba visima vya mafuta. Fredrick hajaingia ndani yake tangu mwaka 2019.

Walifunga ndoa mwaka 1998, wakati Fredrick akiendesha mashine ya kutoboa miamba kwenye machimbo ya jasi. Miaka tisa baadaye kampuni moja ya uchimbaji ilikuwa inatafuta mafundi wa kwenda Uganda, kandokando ya Ziwa Albert, ambako mafuta yalikuwa yamegunduliwa. Fredrick alijaribiwa kwa siku mbili mjini Same, akachukuliwa.

"Uganda haikuwa mbaya," anakumbuka Hedwiga. "Walikuwa wanachimba, wanapima, wanafunga kisima, wanarudi nyumbani kusubiri wakubwa waamue. Kila miezi mitatu namwona. Anakuja na samaki wakavu, anakaa wiki tatu, anaezua na kuezeka banda la mbuzi ambalo halikuwa na tatizo lolote."

Mwaka 2012 alihamia Turkana, kaskazini mwa Kenya. Miaka mitatu baadaye bei ya mafuta duniani ilianguka, mitambo ikasimama na mafundi wakarudishwa makwao. Fredrick alikaa Makanya miezi kumi na sita mfululizo.

Hedwiga anaitaja miezi hiyo kwa sauti ya chini, na lori la saruji linalopita linameza maneno yake. Anasubiri lipite, anayarudia. "Ile ndiyo ndoa yangu. Watu walikuwa wanalia kwamba bei imeshuka, mimi usiku nasali isipande."

Machi 2017 simu ikalia kutoka kwa mkandarasi mwingine. Safari hii ilikuwa Basra, kusini mwa Iraq.

Hedwiga hakuijua Iraq zaidi ya habari za vita. Alichouliza ni kitu kimoja: kazi hiyo itaisha lini? Fredrick alimjibu kwamba huko mafuta ni mengi, si kama Turkana. Jibu hilo halikumtosha. Wiki iliyofuata, kwenye mkutano wa wazazi katika shule ya sekondari aliyosoma Jenifer, alimfuata Vitus Kisaka, mwalimu wa jiografia.

Mwalimu Vitus, ambaye bado anafundisha katika shule hiyo, anaikumbuka siku ile. "Wazazi wengine walikuja kuuliza matokeo. Yeye aliniuliza, 'Mwalimu, nchi ikiwa na mafuta, inajulikanaje ni mengi kiasi gani?'"

Alimchukua hadi darasani na kufungua daftari la Jenifer, ambamo kulikuwa na jedwali la akiba za mafuta ghafi zilizothibitishwa. Venezuela, zaidi ya mapipa bilioni mia tatu. Saudi Arabia, karibu bilioni mia mbili sabini. Iraq, takriban mia moja arobaini na tano.

"Na Uganda?" Hedwiga aliuliza.

"Yanayoweza kuvunwa ni kama bilioni moja na nusu hivi."

"Turkana?"

"Hata bilioni moja hayafiki, mama."

"Na sisi?"

"Sisi tuna gesi, nyingi tu. Mafuta ghafi yaliyothibitishwa, mpaka leo hatuna."

Mwalimu alimweleza kwamba dunia haikugawa sawa. Mafuta yalitokana na viumbe vidogo vya bahari za kale, yakapikwa na joto la ardhini na kunaswa chini ya miamba isiyopitisha. Pale ambapo mambo hayo yote yalikutana, nchi moja ikapata mengi kuliko bara zima. Alimweleza pia kwamba namba zile si za kila kilichomo chini, bali za kile ambacho wataalamu wamehakikisha kinaweza kutolewa kwa mitambo iliyopo na kwa bei inayolipa. Bei ikishuka, akiba nayo inaweza kupungua, hata kama hakuna aliyechota.

"Hapo nikaelewa kwa nini alirudi kutoka Turkana," anasema Hedwiga. "Nikamwambia mwalimu anipigie hesabu ya Iraq. Wakichota kama wanavyochota sasa, yataisha lini?"

Mwalimu Vitus aliandika ubaoni, akagawanya, akafuta, akagawanya tena.

"Kama miaka tisini," alisema.

Hedwiga alikuwa na umri wa miaka 43. Anasema alimshukuru mwalimu, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za darasa mpaka mkutano ulipoisha na Jenifer akaja kumtafuta.

Fredrick aliondoka mwezi huohuo. Alikuja likizo mwaka 2018, akaja 2019. Kisha ugonjwa wa korona ukafunga viwanja vya ndege. Fedha zikaanza kuja kwa kurukaruka, na Hedwiga akaomba kazi kwenye kituo cha mafuta. Julai 2022 namba ya Fredrick iliacha kupatikana.

Alikwenda kwa wakala aliyemwajiri mumewe, akakuta ofisi imekuwa saluni. Aliandika barua mbili kwa anwani aliyokuwa nayo, hazikujibiwa. Kanisani watu waliacha kumuuliza. "Walianza kunisalimia kwa sauti ya msibani," anasema. "Lakini msiba una tanga, watu wanalala kwako. Mimi hakuna aliyelala kwangu."

Ilipita miaka miwili na miezi miwili.

Septemba mwaka jana, mchana wa jua kali, gari dogo la mizigo liliingia kituoni likiwa na majani ya ng'ombe nyuma. Dereva, kijana wa Kimasai kutoka upande wa Ruvu, alimtazama Hedwiga kwa muda mrefu kuliko kawaida ya mteja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ya elfu ngapi?"

"Samahani mama. Wewe si Mama Jeni? Mke wa fundi Fredrick?"

Huyo alikuwa Leshan. Alifanya kazi na Fredrick Turkana, wakaenda wote Basra, naye alikuwa amerudi nyumbani moja kwa moja na kununua mifugo. Alimtambua Hedwiga kwa picha ambayo Fredrick alikuwa ameibandika juu ya kitanda chake kambini.

"Nilimuuliza neno moja tu: 'Yuko hai?'" anasema Hedwiga. "Akasema, 'Yuko hai mama, kwani hapigi simu?' Nilikuwa nimeshika bomba la pampu. Petroli ikamwagika mpaka kwenye viatu vyangu."

Leshan alimwachia namba mpya. Hedwiga aliikunja karatasi ile na kukaa nayo siku nne. Jumapili, baada ya misa, alipiga.

"Nani?" sauti iliuliza.

"Ni mimi. Mama Jeni."

Hedwiga anasema alisikia mashine ikinguruma nyuma na mtu akiita kwa Kiarabu.

"Baba Jeni, kwa nini ulinyamaza?"

"Niliumia," Fredrick alijibu. "Mnyororo ulinibana mkono wa kulia. Vidole vitatu havipo. Wakanitoa kwenye mtambo, wakanipeleka stoo kuhesabu vipuri, kwa nusu ya mshahara. Nikaona aibu."

"Aibu ya vidole?"

"Ya kurudi hivi."

"Una mke huko?"

"Sina."

"Unarudi lini?"

"Kazi bado ipo, Mama Jeni. Hapa kazi haiishi."

Hedwiga anasema alimwamini kuhusu mke, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Angekuwa na mwanamke, ningejua nagombana na nani. Ningelia, ningemtukana, yangekwisha. Sasa mafuta nitayatukanaje? Kila siku nawawekea watu kwenye magari."

Mwandishi wa makala haya alimpata Fredrick kwa simu. Alizungumza kwa upole na kwa kusitasita, kama mtu anayetafuta Kiswahili alichokiweka mbali. "Nilichokijua mimi ni kuchimba," alisema. "Kwetu hakuna cha kuchimba isipokuwa jasi, na jasi haitaki mtu wa mkono mmoja. Nikirudi nitakaa kizingitini nimtazame mke wangu akienda kazini?" Alisema ameomba likizo ya Desemba. Alipoulizwa Desemba ya mwaka gani, alicheka kidogo. Kisha mtandao ukakatika, na hakupokea tena.

Tangu simu ile ya Septemba, Fredrick humpigia Hedwiga kila Jumapili. Huzungumza kwa Kipare, dakika kumi, mara nyingi kuhusu Jenifer na mvua. Mwezi wa tano mwaka huu Hedwiga alimwambia jambo ambalo Fredrick hakulitarajia: anaacha kazi na kuhama Makanya.

Anarudi kwao Mamba, upande wa pili wa milima, kwenye shamba la tangawizi aliloachiwa na mama yake. Kaka yake, Aminieli, amekuwa akililima kwa miaka yote hii na amekubali kumrudishia nusu. Nyumba ya Makanya imeshapata mpangaji. Mwisho wa Agosti atapanda gari kuzunguka kupitia Kisiwani na Gonja, ili mvua za vuli zimkute ameshaandaa matuta.

"Sijamwacha," anasema, akisimama kwa sababu basi la kwanza limewasha taa ya kukunja kuingia kituoni. "Nimeacha kungoja. Nimemwambia akija aulize njia ya Mamba, ataonyeshwa."

Kulijaza basi mafuta kunachukua dakika sita. Abiria wawili wanashuka kujinyoosha, hakuna anayemsemesha. Anarudi kwenye kiti chake na kueleza kwamba chumba atakachokaa huko juu ni kidogo, kina dirisha moja linalotazama mgomba, na kwamba wiki iliyopita alikwenda Same kwa fundi seremala kununua kitanda.

Fundi alimwonyesha cha futi tano kwa sita. Hedwiga alichagua cha futi tatu na nusu.

"Akaniuliza, 'Mama, hiki si ni cha mtu mmoja?' Nikamwambia ndiyo, nifungie hichohicho." Anatazama barabara inayoelekea Dar es Salaam, kisha anatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Akija, atakuja na vidole saba. Vinatosha kushika nyundo. Atatengeneza kingine."