Sauti ya Ukumbi wa Kulia

Wahudumu wa hoteli walimbandika jina la Taratibu, na jina likamganda. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiimba kwenye ukumbi wa kulia wenye zulia nene, mapazia mazito na dari ambayo ungeigusa ukipanda kiti. Meneja alikuwa na kipimo chake: hukaa meza ya mwisho, akakoroga chai, na asipokisikia kijiko chake huinua kidole. Maana yake, punguza. Naye akapunguza. Mpiga ngoma aliacha fimbo akatumia brashi, akaacha brashi akatumia viganja, mwisho akaacha kazi. Taratibu akabaki na kinanda, akiimba kama anayembembeleza mtoto wa watu asiyetaka kulala. Hata nyimbo alizotunga mwenyewe zilijikunja humo humo: maneno mafupi, pumzi nyingi, hakuna pa kuvuta sauti. Wateja walimsifu kwamba haudhi. Sifa gani hiyo, jamani. Alitamani kuondoka, lakini aende wapi na sauti ya kuimbia meza sita?

Zamani hakuwa hivyo. Alianzia uwanja wa mpira, na bendi ya shemeji yake, mume wa dada yake. Pale upepo ulikula nusu ya wimbo na spika zilikuwa za kuazima, basi nyimbo zao zilikuwa na mwito mrefu, unaovutwa mpaka watu wa nyuma kabisa wauitikie. Mama yake alikuwa akijigamba kwamba akiwa jikoni kwake, nyuma ya uwanja, alijua mwanawe amefika ubeti wa ngapi.

Mwezi uliopita shemeji akamletea habari. Mwimbaji wao amehama, nafasi iko wazi, aje Jumamosi asubuhi wamsikilize. Taratibu alikosa usingizi kwa furaha. Akamwambia mama yake kwamba wakimchukua tu, Jumatatu anarudisha sare ya hoteli.

Mama hakukubali kubaki nyumbani. Alikaa golini kwenye kiti cha plastiki, na masikio yake, tusidanganyane, yalikuwa mazima: alisikia hata sufuria ya jirani ikifunuliwa. Shemeji na gitaa lake, mpiga ngoma wa bendi na Taratibu walisimama katikati ya uwanja. Maikrofoni hawakuleta, maana shemeji alitaka kwanza sauti ifike golini yenyewe. Taratibu akapiga moyo konde, akafumba macho, akaimba.

Aliimba kwa nguvu zake zote. Mishipa ya shingo ilimtoka, jasho likamchuruzika, kifua kikamuuma. Kichwani mwake wimbo ulijaa uwanja mzima. Penye mwito mrefu alivuta, akavuta, na koo lililozoea kubanwa likajibana lenyewe. Alimaliza beti zote tatu. Alipofumbua macho, shemeji alikuwa ameinamia gitaa, akikaza uzi ambao haukuwa umelegea.

Mama akainuka kitini. Sauti yake ya uzee ikavuka nusu ya uwanja bila taabu.

"Mwanangu, mbona huanzi? Wenzako wamepiga mpaka wamechoka."

Taratibu akajifuta jasho. Akajibu palepale aliposimama.

"Nimemaliza, mama."

Mama akatega sikio. "Unasemaje?"

Taratibu alirudia mara mbili, kisha akaanza kutembea kuelekea golini.