Mgongo Wangu wa Chuma

Msinionee huruma, nilijitakia mwenyewe. Mimi, dereva wa trekta kwenye mradi wa karanga Nachingwea, niliyewacheka wakulima wote wa huku, nilikuwa na kiuno kibovu. Miaka miwili ya kurushwarushwa juu ya visiki ilinifanya nishuke kwenye trekta kama kikongwe. Na nilikuwa nimeposa Matambarale, ambako mwanamume hulima kwanza shamba la wakwe ndipo aoe. Basi nikamtuma mshenga akamwambie mjomba wa binti, maana huko mjomba ndiye huozesha, kwamba mgongo wangu ni chuma kitupu.

Kisha, kwa akili zangu hizi, nikaenda kijijini huko huko kwa mama mmoja aliyetibu viuno kwa sindano nyembamba anazozichomeka na kuziacha mwilini, kazi aliyofundishwa na seremala wa Kichina kule Lindi. Nikalala kifudifudi, kaptula nimeiteremsha. Akanichoma sindano kumi na mbili, na mdomo wangu haukutulia.

"Mama, jembe siliwezi kabisa, ila wakwe zangu hawajui. Nitalima siku mbili, halafu nisingizie kazi za Wazungu. Washamba wale watajua nini?"

"Unaoa kwa nani, mwanangu?" akauliza kwa upole.

Nikamtaja mjomba wa binti, kwa majivuno.

Mikono yake ikasimama. "Huyo ni kaka yangu. Binti unayemposa nimemzaa mimi."

Nilitaka kukimbia, lakini nani hukimbia na sindano kumi na mbili kiunoni? Yeye alikwisha fika mlangoni.

"Kaka!" akaita. "Njoo uone ule mgongo wa chuma!"