Mama Mkwe Aliyejiita Wengine

Kazini walimwita Nukta, na hakuwa na la kujitetea. Kwa miaka mingi alikuwa akiwarudishia wenzake kazi kwa sababu ya nukta moja iliyosahaulika mwishoni mwa mstari. Kisha zikaja kanuni mpya za katalogi, ile orodha ya vitabu vya maktaba, zikasema nukta zile si lazima tena. Wenzake walipita mezani kwake mmoja mmoja kumpa mkono wa pole, kama mtu aliyefiwa. Yeye naye aliwapokea kwa uso wa kazi, akawaambia mazishi ni baada ya chai.

Alikuwa mkutubi wa chumba cha nyuma, kile ambacho wasomaji hawakijui. Dirisha lake lilitazama tangi la maji. Feni ilikuwa imefungwa kwa waya isije ikamdondokea mtu, na kiti chake kilikuwa na mto ulioshonwa na mkewe. Humo alitengeneza maelezo ya vitabu: jina la kitabu, nani kakiandika, kina kurasa ngapi, kinahusu nini. Siku hizi hakuwa akiyatengeneza kwa ajili ya maktaba yake tu. Maktaba nyingi zilikuwa na katalogi moja ya pamoja, na kitabu kimoja kilikuwa na rekodi moja. Ukiigusa rekodi hapa, umeigusa kote. Ukikosea, mmekosea wote, na ndiyo maana alikuwa na amri moja aliyoirudia kwenye kila semina hadi watu wakaanza kuangalia saa: usiandike usichokiona. Kitabu kiwe mkononi, kimefunguliwa ukurasa wa mbele, ndipo uandike.

Huko nyumbani amri hiyo ilikuwa imemgharimu.

Mama mkwe wake alikuwa mwalimu wa ushonaji, sasa mstaafu. Ujanani, yeye na wenzake katika chuo kimoja waliandika kitabu cha kukata na kushona nguo. Nukta alipokwenda kujitambulisha kwao, kijana mwembamba mwenye shati la kuazima, mama alimuuliza kama kitabu chake kipo maktaba. Kipo! Tena Nukta ndiye aliyekiingiza kwenye katalogi, enzi zile za kadi, kimoja kati ya mamia, na ukurasa wake wa mbele hakuukumbuka tena. Kitabu chenyewe kilikuwa kimeazimwa, lakini ziara iliyofuata alichomoa kadi kwenye droo, jambo ambalo angemfokea mtu mwingine kwa kulifanya, akaipeleka kwa mbwembwe kama anapeleka mahari.

Mama alivaa miwani akasoma. Kadi ilikuwa na jina la mkuu wa chuo, kisha maneno mawili: na wengine.

"Mimi ndiye wengine?" mama aliuliza.

Nukta akaeleza. Kwa kanuni za wakati ule, waandishi wakizidi watatu, anaandikwa wa kwanza peke yake. Kadi ni ndogo, watu hawaenei.

"Mkuu wa chuo hakuandika hata mstari. Yeye alisaini barua ya kiwanda cha uchapaji. Sisi ndio tuliokesha." Akamrudishia kadi. "Basi, mkwe wangu, kitabu changu utakiona siku utakayoniandika."

Posa ilikubaliwa, maana mama hakuwa mtu wa kuchanganya mambo. Ila tangu hapo alipopiga simu nyumbani kwa binti yake alisema, "Mwambie mumeo Wengine anamsalimia." Wajukuu walipozaliwa walimwita Bibi Wengine bila kujua chanzo. Nakala ya maktaba aliyeiazima hakuirudisha, yule asiye na haya, kwa hiyo nakala pekee Nukta aliyoijua ikawa ile ya mama, kabatini, chini ya ufunguo. Wakakwama hapo. Nukta haandiki asichokiona, na mama haonyeshi kabla hajaandikwa. Wote wawili vichwa vigumu, na aliyepata tabu ni mke, aliyekaa katikati.

Kanuni mpya hazikuua nukta tu. Zilisema pia waandishi wote watajwe, hata wawe kumi, na kila mmoja aelezwe alichofanya: mwandishi, mchoraji, mhariri. Nukta akapewa kazi ya kurekebisha rekodi za zamani. Wakati huohuo macho ya mama yakawa yanafifia. Daktari alisema wazi kwamba kilichokwisha kupotea hakitarudi, na kilichobaki kitakwenda taratibu.

"Mama hana lingine la kuomba," mkewe alimwambia wakipanga vyombo. "Anataka alione jina lake kwa macho yake. Ukingoja sana utamsomea wewe."

Maneno hayo yalimkaa. Asubuhi iliyofuata alifungua rekodi ya kitabu cha ushonaji na kufanya ambacho hakuwahi kukifanya maishani. Aliandika bila kitabu. Majina aliyajua kwa moyo, mama alikuwa ameyataja kwenye kila harusi na kila msiba: mkuu wa chuo, na walimu wanne, mama akiwa wa nne. Akaondoa "na wengine". Akahifadhi. Akampigia mkewe, mkewe akampigia mama, na mama akasema Jumapili waje na simu yenye kioo kikubwa.

Haikufika Jumapili. Katika maktaba nyingine iliyo kwenye katalogi hiyohiyo alikuwapo mkutubi mmoja mwanamke, ambaye Nukta alimjua kwa ujumbe tu. Walimwita Mama Mkasi kwa jinsi alivyokuwa akikata yasiyohitajika. Akatuma ujumbe:

"Kaka, kitabu hiki ninacho mkononi. Waandishi ni wanne. Huyo wa tano umemtoa wapi? Nimemwondoa. Usiandike usichokiona, au umesahau?"

Na aliyeondolewa ni mama.

Nukta aliusoma ujumbe mara ya pili. Aibu ya kukosolewa kwa amri yake mwenyewe ilikuwa kubwa, lakini ilikuwapo nyingine mbaya zaidi. Wazo lilimjia, akalifukuza, likarudi: labda mama alitia chumvi. Labda alikuwa chuoni tu, akasaidia kidogo, na miaka ikakuza mambo. Alichukia kuwaza hivyo juu ya mwanamke aliyemlelea watoto wake, lakini aliwaza.

Jumapili walimkuta mama ameketi sebuleni, amevaa vizuri, miwani imefutwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lete hiyo simu."

Nukta aliishika simu bila kuifungua. "Mama, jina lilikuwepo. Limeondolewa. Kuna maktaba ina kitabu, na mwenzangu amekifungua akaona hujatajwa."

Mkewe aligeuka kumtazama kwa jicho ambalo Nukta alilihisi shavuni. Mama hakutikisika.

"Na wewe ukaamini?"

Angeweza kudanganya. "Nilisita, mama," alisema.

Kisha mama akanyanyuka, akapapasa ukuta hadi kwenye kabati, akafungua kwa ufunguo uliokuwa shingoni mwake. Kitabu kilikuwa ndani ya foronya. Akamwekea mapajani.

"Nilisema hutakiona kabla hujaniandika. Basi nimeshindwa. Tazama."

Nukta alifungua. Ukurasa wa mbele ulikuwa na majina matano, la mkuu wa chuo likitangulia na la mama likiwa la mwisho, limechapwa kwa herufi zilezile kama za mkuu. Aligeuza nyuma ya ukurasa ule. Toleo la kwanza. Akaupiga picha, akamtumia Mama Mkasi na kumweleza kuwa huyo wa tano ni mama mkwe wake, akamwomba atazame nyuma ya ukurasa wa kwake, na jibu likaja palepale, pamoja na mwaka: toleo la pili. Mkutubi fulani, asiyejulikana, alipoingiza toleo la pili alidhani ni kitabu kilekile, akalipachika kwenye rekodi ya la kwanza. Vitabu viwili vikawa kimoja.

"Limetoka mwaka gani, hilo la pili?" mama aliuliza.

Nukta akautaja. Ulikuwa mwaka ambao mkewe alizaliwa.

Mama akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nilikuwa nimejifungua. Niliomba ruhusa ya kumnyonyesha huyu, wakanipa ruhusa moja kwa moja. Sikujua kama walichapa tena." Akakaa, mikono imelala juu ya magoti. "Kumbe hata kwenye wengine walinitoa."

Mkewe Nukta alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Hakuwahi kuambiwa kwamba kazi ya mama yake pale chuoni ilikwisha kwa ajili yake. Alikwenda akaketi chini, akaegemeza kichwa pajani mwa mama yake, na mama akawa anampapasa nywele kama anatafuta uzi uliopotea.

"Mama, picha inatosha," Nukta alisema. "Sina haja ya kukichukua."

"Chukua. Si unaandika unachokiona? Kaone vizuri."

Jumatatu alitenganisha rekodi. Toleo la kwanza likapata yake, yenye waandishi watano, na mbele ya kila jina neno mwandishi. Toleo la pili likabaki na waandishi wanne, na chini yake Nukta akaongeza maelezo, ambayo kanuni zinaruhusu, kwamba mwandishi mmoja wa toleo la kwanza hakutajwa katika hili, na akamtaja kwa jina lake lote. Alisoma kila herufi akiwa ameshika kitabu. Mama Mkasi hakukata kitu. Alituma ujumbe mfupi tu: "Msalimie sana."

Jioni alipitia kwa mama kurudisha kitabu. Alimshikia simu akakuza maandishi mpaka kioo kizima kikajaa jina lake peke yake. Mama alilisogeza karibu na pua, akalifuata kwa kidole, taratibu, mpaka mwisho. Alifanya hivyo tena. Kisha akataka aonyeshwe majina ya wenzake, maana wawili walikuwa wameshafariki, na kila aliyemfikia alimtaja kwa sauti kama anaita mahudhurio darasani.

"Mbona mwisho hakuna nukta?" aliuliza.

"Siku hizi hatuweki, mama."

"Shauri yenu," alisema, na hakukitoa kidole kwenye kioo.

Nukta alifika nyumbani akamkuta mkewe anaweka simu mezani.

"Nani?"

"Kuna mtu anauliza kama umefika salama."

"Wengine?"

Mkewe akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Amesema nikwambie mama yako amepiga."