Aliyekatiwa Wifi

Godelieve alizaliwa Lubondja, binti wa fundi wa redio, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kukasirika upesi. Redio ikikataa kusema, baba yake aliifungua taratibu, akafuata waya mmoja baada ya mwingine. Binti yake aliipiga kofi, na mara nyingine kweli ilisema.

Sasa alikuwa na miaka ishirini na nne, mwaka wa tatu wa informatiki, masomo ya kompyuta, katika taasisi moja mjini Baraka. Alikaa katika nyumba ya wasichana wanafunzi, vyumba kumi na viwili chini ya bati moja refu. Wenzake walimchagua awe msimamizi wa wifi. Kazi hiyo haikuwa na heshima yoyote: kila rezo, yaani mtandao, ilipokatika, mlango wake ndio uliogongwa.

Na ilikatika kila siku. Asubuhi ilikuwepo, dhaifu, lakini ukipanda juu ya kitanda na kuinua simu, ujumbe ulipita. Ikifika saa saba mchana, kimya. Jioni ilirudi. Wasichana walikuwa na kazi za kutuma kwa maprofesa wa Bukavu, na maprofesa hao hawakutaka kusikia habari za rezo.

Papa Norbert, msimamizi wa nyumba, alikuwa na jibu moja tu kwa miezi mitatu.

"Ni satelite, mama. Mi naweza kupanda kule juu?"

Godelieve aliamua kwamba ni mtu. Alianza kuchungulia orodha ya simu na kompyuta zilizoshika wifi, na kila saa saba aliona kompyuta ya Munira. Munira alikuwa wa chumba cha nne, mtoto wa wenye mitumbwi wa Mboko, mpole, hasemi sana. Alirudi kutoka darasani mchana, akaswali, akafungua kompyuta. Dakika chache baadaye rezo ikafa. Siku nne mfululizo ilikuwa hivyo. Godelieve hakutafuta ushahidi mwingine.

Alimkabili uani, mbele ya wasichana waliokuwa wakifua.

"Ni we unamaliza rezo yetu na mafilme yako!"

Munira aliacha kukamua nguo. "Filme gani? Mi iko naandika travaye yangu ya profesa. Kuja uangalie."

"Mwizi anakubaliaka?"

Mtu mmoja alicheka. Munira aliokota beseni lake, nguo zikichuruzika maji, akaingia ndani. Siku hiyo hiyo, Jumatano, Godelieve alibadilisha neno la siri la wifi, akawapa wote isipokuwa Munira.

Alhamisi, saa saba na robo, rezo ilikatika.

Godelieve aliitazama simu yake. Munira hakuwemo kwenye orodha. Hata nyumbani hakuwepo. Ile hasira haikupoa, iligeuka tu ikaanza kumtafuta yeye mwenyewe. Hapo ndipo alipofanya alichopaswa kufanya tangu siku ya kwanza: aliazima ngazi, akapanda juu ya bati hadi kwenye sahani ya antena, akafuata waya. Ulikuwa mzima. Uliingia darini, ukashuka ndani ya biro, ofisi ya Papa Norbert, ukapotelea nyuma ya kabati la chuma lenye kufuli. Aliweka kiganja kwenye mlango wa kabati, akakiondoa haraka. Lilikuwa la moto kama sufuria.

"Papa Norbert, kisanduku cha wifi kiko humu?"

"Iko humo, pamoja na batri za sola. Tangu baliiba taa ya kolidori, mi nafunga kila kitu."

"Mu chuma? Papa, wifi haipitake mu chuma! Na hii joto, kila saa saba inajizima yenyewe. Jioni ikipoa, inawaka. Na we unatuambia satelite!"

"Usinipandishie sauti. We ni mutoto."

"Fungua."

"Funguo iko nyumbani kwangu. Mutangojea Jumatatu."

Godelieve alitoka, akarudi na bisibisi. Skrubu za bawaba zilikuwa upande wa nje. Aliweka bisibisi kwenye ya kwanza na kuanza kuizungusha.

"Nitakuandikia barua ya kukufukuza!" Papa Norbert alifoka.

"Andika! Utaituma na wifi gani?"

Mlango ulianguka sakafuni kwa kishindo kilichowatoa wasichana vyumbani. Kisanduku kilikuwa kimekaa juu ya batri, kimefunikwa kitambaa cha meza chenye maua, ili kisiingiwe na vumbi. Godelieve alikitoa pamoja na nyaya zake, akakitundika kwenye msumari katikati ya kolidori. Baada ya muda rezo ilijaa hadi chumba cha mwisho. Wasichana walipiga vigelegele. Yeye alikaa chini.

Munira alirudi saa kumi, vumbi la pikipiki hadi kwenye nyusi. Kazi yake ilitakiwa kabla ya saa sita mchana. Alikuwa amezunguka mji mzima akitafuta rezo, akaituma saa nane. Profesa alijibu kwa mstari mmoja: imechelewa, aje sesyo ya pili, ya kurudia mtihani.

"Munira, ilikuwa kabati," Godelieve alisema. "Haikuwa we. Unisamehe."

"Uliniita mwizi mbele ya bantu wote. Sasa unaniomba pardo hapa, siye babili tu?"

Alikuwa na haki. Jumamosi, wasichana walipojaa uani na mabeseni yao, Godelieve alisimama katikati yao akasema yote: kwamba alikosea, kwamba alimkatia Munira wifi asubuhi ambayo ingemwokoa, kwamba mwizi hakuwepo. Munira aliendelea kufua. Mwishowe alisema, "Nimesikia," basi.

Barua ya Papa Norbert ilikuja kweli, na muhuri, lakini mwenye nyumba hakumfukuza mtu. Aliagiza kabati lipelekwe stoo. Godelieve alimwandikia profesa mara tatu kueleza kosa lake. Hakujibiwa.

Munira alifanya sesyo ya pili mwezi wa tisa, akafaulu. Neno la siri la wifi Godelieve alikuwa amempelekea mwenyewe jioni ya Jumamosi ile, limeandikwa kwenye karatasi. Munira alilipokea kwenye mlango uliofunguliwa nusu, akalisoma, akafunga mlango.