Mwenyekiti Kwenye Sendofu ya Bintiye

Mume wangu Leodegar hupenda kusema hakuwahi kuutamani uongozi, ni wananchi waliomsukuma. Uongo mtupu. Siku ya kuchukua fomu ya uenyekiti wa mtaa wetu hapa Manzese, alifika kabla ofisi haijafunguliwa, na suti alijipigia pasi mwenyewe. Pasi hiyo hajaigusa tena hadi leo.

Miaka kumi sasa. Wanaotaka barua za utambulisho wanabisha hodi tukiwa mezani, naye anainuka na muhuri wake. Msiba ukitokea mtaani, lazima asimame kutoa neno kwa niaba ya ofisi. Kaka yangu alipozikwa Rombo hakuja, eti mtaani kulikuwa na misiba miwili. Nimechoka, nasema wazi.

Na sasa anautaka udiwani.

Sendofu ya Elinaza, sherehe ya kumuaga binti yetu wa pekee kabla ya ndoa, ilipopangwa, mtoto alimwomba baba yake kitu kimoja tu.

"Baba, siku hiyo uje kama baba. Mambo ya ofisi uyaache nyumbani."

"Mwanangu, hilo nalo la kuniambia? Nitakuwepo mwanzo mwisho."

Jumamosi ilipofika, ukumbi kule Sinza ukajaa. Leodegar alichelewa saa nzima, akitokea kusuluhisha ugomvi wa mtaro wa maji machafu. Nikasema moyoni, walau amefika. Kumbe alikuwa amewaalika wajumbe wote wa chama watakaompigia kura za maoni, akawapa meza za mbele. Shangazi zake Elinaza wakabanana nyuma, karibu na jiko.

Mshereheshaji akamwita baba mzazi atoe nasaha. Leodegar akasimama, akakohoa, akawatazama wale wa mbele.

"Kwa niaba ya ofisi ya serikali ya mtaa," akaanza, "napenda kuwapongeza sana wazazi wa binti huyu kwa malezi bora."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Yeye wala hakujua kinachochekwa, akaendelea hadi akafika kwenye changamoto za mitaro.

Elinaza hakucheka. Aliinua gauni lake, akashuka jukwaani, akasimama mbele yake.

"Ahsante, mwenyekiti," akamwambia, macho yamemjaa machozi. "Sasa naomba na baba yangu aongee."

Kicheko kikakatika. Leodegar akanigeukia nimpe hata neno moja la kuanzia.

Sikumpa.