Kinga ya Balozi Mdogo

Kwa miaka miwili nilikuwa karani wa mapokezi katika ubalozi mdogo wa nchi moja hapa London. Si nchi yangu. Mimi ni Mtanzania. Walinichukua kwa sababu najua Kifaransa, na viza yangu ilitegemea kazi hiyo. Kazi ikiisha, narudi kwetu.

Alhamisi moja mchana balozi mdogo alinichukua nikamtafsirie kwenye mkutano. Dereva alikuwa mgonjwa, akaendesha mwenyewe. Alikuwa amekunywa, nilisikia harufu ya mvinyo kila alipogeuka kunisemesha. Tulipofika mtaa wa Tooting mvua ilianza. Mama mmoja wa Kihindi alikuwa katikati ya kivuko na mfuko wa mboga. Balozi alikuwa akitazama simu.

"Mheshimiwa, mtu!"

Nikasikia kishindo. Majani ya kotimiri kutoka mfukoni mwake yakatapakaa kwenye kioo cha mbele. Hakusimama, aliwasha waipa, zikayasukumia mbali.

"Tumemgonga mtu, Mheshimiwa. Simama, tafadhali!"

Aligeuza gari turudi ofisini, mkutano akauacha. "Wewe hukuwemo ndani ya gari hili," alisema taratibu. "Mimi hapa hawawezi kunigusa. Wewe watakurudisha kwenu kabla mwezi haujaisha."

Kesho yake aliniletea kahawa mezani kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwahi kufanya hivyo. Kahawa ile ilinitisha kuliko maneno yake, nikaenda kuimwaga chooni.

Jumamosi nilirudi Tooting. Muuza mboga wa karibu na kivuko kile aliniambia yule mama yu hai, amevunjika nyonga, akanitajia hospitali. Nilinunua zabibu. Nia yangu ilikuwa niziache kitandani pake nikimbie, lakini alinitazama, akaniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikamjibu.

"Aa! Mimi nimezaliwa Mwanza," akasema kwa Kiswahili. "Vuta kiti, mwanangu."

Nililia pale pale. "Mama, nilikuwemo ndani ya ile gari."

Binti yake, aliyesimama dirishani na asiyejua Kiswahili, aliuliza nimesema nini. Mama akamwashiria anyamaze.

"Aliyeendesha alikuwa amelewa?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unaogopa."

"Sana."

"Hata mimi. Nikifumba macho naona taa zinakuja." Akanishika kiganja. "Nenda kaseme, mwanangu. Tutaogopa wote wawili."

Nilikwenda polisi siku ile ile. Askari aliandika kila nilichosema, kisha akaweka kalamu chini. Bwana yule, alisema, ameorodheshwa kama mwanadiplomasia, ana kinga, hawawezi kumkamata. Jalada litapelekwa Wizara ya Mambo ya Nje, na wizara itaiomba serikali ya nchi yake imvue kinga hiyo.

Jumatatu habari zilikuwa zimefika ubalozini, nikaambiwa nisifike tena kazini. Simu yangu ikaanza kuita, nikipokea hakuna anayesema. Mtu mmoja mwenye koti refu alikuwa akisimama ng'ambo ya nyumba nilimopanga, mtaa wa Ilford. Huenda alikuwa akingoja basi tu. Sikuweza kujua, na huko kutojua kulininyima usingizi na chakula. Mwenye nyumba, mama wa Kikongo aliyewahi kuishi kama mkimbizi, hakunihoji sana. Alivaa viatu akanisindikiza dukani kila nilipotaka kutoka.

Wiki zikapita. Serikali mbili ziliandikiana barua za heshima, mwisho wake serikali ya nchi ya balozi mdogo ikakataa kumvua kinga, ikamwita arudi nyumbani. Aliondoka kwa ndege kama msafiri yeyote. Hakuna aliyesimama mahakamani. Mimi wakili mmoja alinisaidia bure, nikapata kazi katika nyumba ya kulea wazee siku chache kabla viza haijaisha.

Miezi baadaye dereva wetu wa zamani alinipigia. Balozi mdogo amepelekwa kituo kipya, mji wa bandari katika nchi nyingine, cheo kile kile. Nilimpigia simu mama wa Tooting, ambaye sasa alikuwa akitembea kwa mkongojo. Nikamweleza alikopelekwa.

"Huko nako kuna watu wanaovuka barabara," akasema.

Jumapili nilikwenda kwake tukaandika barua ya kueleza yote kwa gazeti la nchi yake yule bwana, mimi nikiiandika kwa Kifaransa, na majina yetu sote wawili chini, kamili. Kwenye mdomo wa sanduku la posta niliing'ang'ania ile barua, na mama, akiwa ameegemea mkongojo wake, alilishika bega langu mpaka nilipoiachia.