Majina Ndani ya Mpira

Mpira wa mifuko ya plastiki uliolowa mvua ya Masisi, ukigonga mlingoti wa goli wa mti wa mkaratusi, hulia "bwaa!" kama mlango wa kanisa uliofungwa na shetani mwenyewe. Sauti hiyo naijua kuliko sauti za shangazi zangu, na shangazi zangu si watu wa kunong'ona. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, katika kijiji chetu kilichoning'inia kwenye kilima si mbali na Kashuga, mashariki mwa Kongo, ilitosha ilie mara moja tu alasiri, nasi watoto tulitupa majembe kwenye maharage tukakimbilia uwanjani, wengine na wadogo zao mgongoni. Harufu ya nyasi mbichi na mavi ya ng'ombe ilitupokea. Uwanja wenyewe ulikuwa umeinama mno. Nawaambieni, mbuzi waliokula upande wa juu walilazimika kufunga breki, na kiazi ukikiangusha kwenye goli la juu ungekikuta Kitshanga, kimeshamenyeka.

Msimu ninaoukumbuka ni ule ambao watu wazima walikuwa wamekigawa kijiji. Wakubwa waliokuja na magari kuomba kura walipita juu wakasema hivi, wakapita chini wakasema vile, na walipoondoka tulikuwa watu wa aina mbili. Bunduki zikafuata. Sitasema kabila gani lilikaa juu na lipi lilikaa chini, maana nawajua wasomaji wa kwetu: ukishataja tu, mtu anaacha kusoma anaanza kuhesabu magoli ya ndugu zake. Inatosha kujua kwamba vijana wenye bunduki wa juu na wale wa chini walipatana jambo moja tu maishani mwao, nalo ni mpaka. Walitafuta mstari ulionyooka, hawakuona mwingine, wakachukua mstari wa katikati wa uwanja wa shule. Wakaumwagia majivu. Shule ikabaki juu, bomba la maji likabaki chini. Mashine ya kusaga mihogo ikawa yao, soko likawa letu sisi wa chini. Hata kanisa liligawanyika: kengele juu, ngoma chini, hivyo Jumapili wao waliitwa wasicheze, sisi tukacheza bila kuitwa.

Sisi watoto tulikatazwa kuvuka, lakini hakuna aliyetukataza kucheza mpira. Basi tukacheza mchezo ambao nadhani haujapata kuchezwa popote duniani: timu mbili, kila moja ndani ya nusu yake, hakuna anayekanyaga majivu. Hakuna kukaba, hakuna chenga. Unapiga kutoka kwako hadi golini kwao, nao wanapiga kurudisha. Baada ya mapumziko hatukubadilishana upande, maana tungebadilishanaje? Kwa hiyo wa juu walipiga kwa kuteremsha msimu mzima, na sisi wa chini tulipiga kwa kupandisha. Hicho ndicho kilichouumba mguu wangu wa kulia. Nilikuwa msichana mwembamba kama ufito, lakini nikiupiga mpira, ndege walihamia Walikale. Golini kwao alisimama Zawadi, ambaye hadi mwaka uliotangulia tulikaa dawati moja na kuazimana kalamu moja. Sasa tulizungumza kwa kelele tu.

"Furaha! Mama yako hakupika leo? Mupira inakuja kama mugonjwa!"

"Ngoja, hii utaikamata na meno!"

Katikati ya utani huo, siku moja Zawadi akaacha kucheka. "Furaha, Papa Direkteri iko anaandika majina ya examen ya sixième," alipaza sauti. "Kesho njo mwisho. Mwenye haandikwe, mwaka yake imekufa." Papa Direkteri ni mwalimu wetu mkuu, na ofisi yake ilikuwa nyuma ya goli la juu. Nilikuwa nimesoma miaka yote ile, na bila mtihani wa darasa la sita hakukuwa na sekondari. Kulikuwa na jembe, na baada ya jembe, mume. Nikamkimbilia baba. Hakuinua hata macho kwenye maharage aliyokuwa akipura. "Mutoto yangu hatakanyaga kule," alisema. "Hata kama iko examen ya mbinguni."

Wa darasa la sita upande wetu tulikuwa saba. Kesho yake tulijificha nyuma ya mihogo, tukaufumua mpira mfuko kwa mfuko, tukaweka moyoni mwake karatasi yenye majina yetu na salamu ndefu kwa Papa Direkteri, kisha tukaufunga upya kwa kamba za migomba. Kosa letu lilikuwa moja, nalo kubwa kama mlima: hatukumwambia Zawadi. Tungemwambiaje, na vijana wenye bunduki wameketi pande zote mbili za majivu, wanatazama huku wakila mahindi ya kuchoma?

Nikapiga. Zawadi akaudaka, kwa ustadi ambao hadi leo sijamsamehe, akaurudisha. Nikapiga tena, akaurudisha. Mara ya tano nikashindwa kuvumilia.

"Zawadi, uchukue!"

"Si nimechukua!"

"Usirudishe!"

"Sasa nicheze na nini, na kofia ya papa yangu?"

Jua lilikuwa linashuka. Niliuona mwaka wangu mzima unakwenda na kurudi juu ya majivu yale, umefungwa ndani ya plastiki. Ndipo nikaamua: nisiupige golini, niupige mahali ambapo mikono yake haifiki. Nikarudi nyuma hatua ishirini, ambazo nyumbani husema hamsini, nikakimbia, nikapiga. Mpira ule haukuruka, ulipaa! Ukapita juu ya Zawadi, juu ya goli, ukatua kwenye bati la ofisi ya Direkteri kwa kishindo kilichowalaza chini vijana wote wa bunduki, wa juu na wa chini kwa pamoja, mahindi mdomoni. Direkteri akatoka na chaki mkononi. Mpira ukabingirika kutoka kwenye bati, ukapasukia mbele ya viatu vyake, na karatasi ikachomoza.

Alivaa miwani, akasoma, akasoma tena. Kisha akashuka hadi kwenye majivu na kutuita mmoja mmoja kwa sauti ya darasani. Tukajibu "Présent!" kwa nguvu zetu zote, na watoto wa juu wakatupigia makofi. "Siku ya tatu, saa mbili ya asubui, nawataka mu darasa," alisema, akiwatazama wenye bunduki. "Mwenye kugusa watoto yangu, aanze na miye."

Baba hakusema ndiyo. Alisema, "Nitamufikisha pa mustari, si zaidi." Asubuhi ya mtihani tulipofika kwenye majivu, ng'ambo alikuwa amesimama baba yake Zawadi, mikono kifuani. Hawakuwa wamesemezana tangu bunduki zije.

"Njo huyu mwenye kubomoa bati ya Direkteri?" aliuliza.

"Njo ye," baba akajibu, yaani ndiye, na nikasikia fahari ndani ya sauti yake.

"Leta tuone. Anajua kuhesabu, ao anajua mupira tu?"

Baba alijizuia, akashindwa, akacheka. Mkono wake ukaniachia. Nikavuka.

Nilifaulu, kwa alama zinazoongezeka kila ninapozisimulia. Lakini vita havikusubiri matokeo. Tulikimbia, na sekondari nikaja kuimalizia kwenye masomo ya jioni, karibu na Kirotshe, nikiwa mama wa watoto watatu. Leo barabara ya kutoka kwetu hadi Walikale ina kamba za vizuizi nyingi kuliko madaraja, na kwenye kila kamba mtu anakuuliza mama yako anaongea lugha gani. Mipaka mingine imo ndani ya simu na ndani ya hotuba za wanaotafuta kura, na hiyo huwezi hata kuona majivu yake.

Siku ya kwanza ya masomo ya jioni, sisi watu wazima, wengine na wajukuu, tuliingia darasani na bila kuambiwa na yeyote tukaketi makundi mawili, kama wa juu na wa chini, njia tupu katikati. Nikabeba kiti changu nikakiweka kwenye njia ile.

"Mama, unafunga njia!" mwalimu alisema.

"Njo kazi yake, mwalimu."

Wiki ya kwanza walinitukana kwa lugha nne. Wiki ya pili wakaanza kupita kwa majirani ili wanikwepe. Ukimkanyaga jirani lazima useme pole, na ukisema pole mara tatu, aibu inakulazimisha umuulize jina. Kufikia mwisho wa mwaka viti vya makundi yote mawili vilikuwa vimenibana pande zote nne, siwezi hata kukunja kiwiko, na mzee mmoja wa kundi lile lingine ananigusa bega kila jioni: "Mama Furaha, sogeza kichwa kidogo, sioni mwalimu anaandika nini ku tableau."